Bia tano, maji matano: napanga mfululizo wa bia za kupika nyumbani, naomba mnikosoe

Mwenye uzi

Wadau, habari zenu. Nina sufuria ya lita 25, ndoo nne za kuchachulia, na miezi mitatu ambayo nimeamua kuimalizia kwenye jambo moja: kupika bia tano zinazoshikana. Mpango nauweka hapa kabla sijanunua hata kilo moja ya kimea, ili mwenye jicho kali aukosoe mapema.

Kwanza niwaambie nilipokwama safari iliyopita. Nilianza mfululizo wa bia 12, moja kwa kila mwezi wa mwaka. Kila bia ilikuwa na jina lake na lebo niliyoichora kwa mkono. Zilipofika nne nikazimimina kwenye glasi nne, nikazipanga mezani, nikaonja kutoka kushoto kwenda kulia. Hazikuwa na neno la kuambiana. Kimea kilikuwa tofauti, hamira tofauti, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) tofauti, kilevi tofauti. Undugu wao ulikuwa kwenye karatasi iliyogandishwa kwenye chupa, ndani ya glasi haukuwepo. Niliziacha hapo.

Tangu siku hiyo nimeshika imani moja kuhusu mifululizo: ukibandua lebo zote, ukamfunga mtu macho, bado aonje kwamba hizi ni za tumbo moja. Ili hilo liwezekane, mambo mengi lazima yakae palepale na machache yasogee. Safari hii ninachotaka kisogee ni maji.

Kwa nini maji? Bia ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi, lakini tunaweza kubishana kuhusu hopsi usiku kucha na maji tukayafungulia bombani bila kuyauliza chochote. Halafu angalia ramani ya bia za zamani. Pilsen kuna maji laini sana, karibu hayana chumvi, na ndiko Josef Groll alikopika bia ya dhahabu mwaka 1842. Munich na Dublin maji yana bikaboneti nyingi, na miji yote miwili ilijulikana kwa bia za giza. Burton upon Trent, Uingereza, visima vinapita kwenye miamba ya jasi, maji yamejaa kalisi (kalsiamu) na salfeti, na kuanzia miaka ya 1820 mji huo ukawa maarufu kwa bia nyepesi ya rangi, kali ya uchungu, iliyopakiwa melini kwenda India. Dortmund iko katikati: salfeti ipo, kloraidi ipo, na bia yake ni ya dhahabu lakini imejaa mdomoni kuliko ya Pilsen.

Haikuwa bahati. Kimea kilichokaangwa kina asidi yake, na bikaboneti inapinga asidi. Ukiloweka kimea cheusi kwenye maji ya Dublin, viwili hivi vinasawazishana, pH, yaani kipimo cha asidi, inatulia pale vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinapofanya kazi vizuri. Ukiloweka kimea cheupe kwenye maji hayohayo hakuna kinachoipinga bikaboneti, pH inabaki juu, bia inatoka butu na uchungu wa hopsi unakwaruza. Wapishi wa wakati ule hawakuwa na neno pH, kwa sababu kipimo hicho kilikuja mwaka 1909 kutoka kwa Sørensen wa maabara ya Carlsberg, kampuni ya bia ya Denmark. Walichokuwa nacho ni ulimi na vizazi vya kujaribu. Walibaki na bia ambayo maji yao yaliikubali.

Basi mpango ni huu. Bia tano za lita 10 kila moja: Pilsen, Dortmund, Munich, Dublin, Burton. Visivyobadilika: hamira moja, hopsi aina moja ambayo ni East Kent Goldings, uzito wa kuanzia 1.050 (uzito wa maji matamu ya kimea kabla ya kuchacha, maji matupu yakiwa 1.000), kimea kinalowekwa nyuzi 66 kwa saa moja, kisha maji yake matamu yanachemshwa saa moja. Vinavyobadilika: maji, na rangi ya kimea inayofuatana na maji hayo. Naanza na maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, kisha naongeza chumvi mpaka nifikie takwimu za kila mji kama zinavyoandikwa kwenye vitabu. Burton, kwa mfano, hutajwa kuwa na salfeti zaidi ya miligramu 600 kwa lita.

Karibuni.

Mdau wa kwanza

Mkuu, wazo nimelipenda, ila hapo kwenye hamira moja umenisimamisha. Bia ya Pilsen, ya Munich na ya Dortmund ni laga, hamira yake inafanya kazi kwenye baridi, nyuzi 9 hadi 13, halafu bia inalazwa kwenye baridi kali kwa wiki kadhaa. Burton na Dublin ni hamira ya joto. Ukitumia hamira ya joto kwa zote tano, tatu kati yake zinakuwa za kuigiza. Mtu akiniambia anaonjesha Pilsen, nataka ile hali ya usafi inayotokana na baridi.

Mwenye uzi

Hoja ni ya haki, nami niliizungusha kichwani wiki nzima. Nikitumia hamira mbili, mtu akionja tofauti kati ya Pilsen na Burton hatajua kama anaonja maji au hamira. Nimechagua hamira ya joto iliyo kimya, ile isiyoleta harufu ya matunda, na nitaichachua chini kidogo ya kawaida yake, nyuzi 17. Haitakuwa laga, na sitaiita laga. Hata majina ya miji nayatumia kwa ajili ya maji tu. Kwenye chupa nitaandika "maji ya Pilsen" na siyo "pilsna".

Nakubali kuna kitu napoteza. Lakini mfululizo ni uamuzi wa kipi upoteze ili kingine kisikike.

Mdau wa kwanza

Ukiandika "maji ya" mbele ya kila jina, mimi sina neno. Endelea.

Mdau wa pili

Nimepika bia miaka mingi, na maji ndiyo yaliyonichelewesha kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Usinakili takwimu za miji. Takwimu unazozisoma ni za maji yaliyotoka kisimani au mtoni, siyo yaliyoingia kwenye pipa la kulowekea kimea. Wapishi wale hawakukaa mikono mifukoni. Walijua kwamba maji magumu ya bikaboneti ukiyachemsha na kuyaacha yatulie, unga mweupe unashuka chini, ileile chaki unayoikuta ndani ya birika. Hiyo ni bikaboneti inaondoka pamoja na kalisi. Munich yenyewe ilikuja kupika bia ya dhahabu, kiwanda cha Spaten kikaitoa mwaka 1894, na maji ya mji yalikuwa yaleyale. Walijifunza kuyatengeneza.

Pia hiyo salfeti ya 600. Nilishafanya kosa hilo. Nilitia jasi, yaani salfeti ya kalisi, kwa kijiko cha chai, vijiko vinne kwenye lita 20, kwa sababu niliambiwa Burton ni hivyo. Bia ilikuwa na ladha ya plasta mbichi ya ukutani. Uchungu ulikuja mbele wenye makali, ukakaa pembeni mwa ulimi, na kinywa kikabaki kimekauka dakika nzima baada ya kumeza. Nilingoja miezi miwili nikidhani itapoa. Madini hayaondoki kwa kukaa, kwa hiyo haikupoa. Tangu hapo natumia mizani, na sivuki 300 isipokuwa nina sababu.

La tatu, na hili ndilo kubwa. Umesema kinachosogea ni maji, lakini kimea nacho kinasogea. Mtu akionja Dublin na Pilsen, moja nyeusi moja dhahabu, atakuambia tofauti ni maji? Atakuambia moja imekaangwa. Kwa mpango ulivyo, hakuna glasi hata moja inayoonyesha maji peke yake.

Mwenye uzi

Hilo la tatu limenikalisha chini. Nimelisoma mara tatu na sina la kulipinga. Nilijiambia kwamba kimea na maji vinasogea pamoja kwa sababu kihistoria vilisogea pamoja, na hiyo ni kweli, ila ulimi wa mtu hausomi historia.

Nimekesha nalo, hiki ndicho nilichofikia. Pilsen na Burton zinakuwa pacha. Kimea kilekile cheupe, kilo 2.4. Hopsi zilezile, gramu 25 mwanzo wa kuchemsha na gramu 10 za harufu dakika tano za mwisho. Siku ileile, pakiti za hamira za toleo lilelile, ndoo mbili zinakaa zimegusana. Kilichotofautiana ni chumvi zilizomo ndani ya maji. Hapo mtu akionja tofauti, hana pa kuipeleka isipokuwa kwenye maji. Pacha hao wanakuwa uti wa mgongo wa mfululizo, na hizo tatu nyingine zinasimulia upande wa pili, yaani kimea kikikutana na maji yanayokifaa.

Kuhusu takwimu, nimezishusha. Nakisia maji ya kupikia lita 15 ili nibaki na lita 10, kwa sababu kimea kinanywa karibu lita moja kwa kila kilo na mvuke unachukua zake.

Pilsen: kloridi ya kalisi gramu 2, basi. Hiyo inatoa kalisi kama miligramu 36 na kloraidi kama 64 kwa lita. Pilsen halisi haina hata hicho kiasi, ila hamira inahitaji kalisi kidogo ili itulie chini vizuri. Kimea cheupe kwenye maji laini kina pH ya juu kidogo, kwa hiyo naongeza gramu 50 za kimea chenye asidi, na hizo 50 nazitia kwenye pacha wote wawili ili kimea kisitofautiane.

Burton: jasi gramu 8. Salfeti inafika karibu 300, kalisi 124.

Dortmund: jasi gramu 4 na kloridi ya kalisi gramu 3. Salfeti kama 150, kloraidi kama 96.

Munich: kloridi ya kalisi gramu 2, bikaboneti ya soda gramu 1.5, na kimea cha Munich karibu chote.

Dublin: kloridi ya kalisi gramu 2, bikaboneti ya soda gramu 3, na shayiri iliyokaangwa sehemu moja ya kumi.

Hesabu ni ya kawaida na yeyote anaweza kuirudia. Gramu moja ya jasi kwenye lita moja inaleta salfeti miligramu 558 na kalisi 233. Gramu moja ya kloridi ya kalisi, ile yenye maji ndani yake, inaleta kloraidi 482 na kalisi 272. Gramu moja ya bikaboneti ya soda inaleta bikaboneti 726 na sodiamu 274. Unazidisha kwa gramu zako, unagawa kwa lita zako. Wengi huandika chaki kwa ajili ya bia nyeusi, lakini chaki haiyeyuki vizuri kwenye maji ya kawaida, inabaki chini kama mchanga, ndiyo maana nimechagua soda.

Mdau wa tatu

Samahani kuingilia, mimi ni mgeni wa mambo haya, nimeshapika mara mbili tu. Salfeti na kloraidi zinafanya nini hasa mdomoni? Nasoma "salfeti inakaza hopsi, kloraidi inajaza kimea" lakini sijawahi kuonja maneno hayo.

Mwenye uzi

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa, na majibu yake hayahitaji kupika. Jana usiku nilifanya hivi.

Nilichukua bia moja nyepesi ya rangi, isiyo na harufu kali ya hopsi, nikaigawa kwenye majagi matatu ya nusu lita. La kwanza nikaliacha. La pili nikatia jasi gramu 0.1. La tatu kloridi ya kalisi gramu 0.1. Mizani inayosoma hadi 0.01 ni lazima hapa, kwa sababu kiasi chenyewe ni unga wa kufunika ukucha wa kidole kidogo. Jasi nilimwaga taratibu, na povu likapanda ghafla mpaka ukingoni kama sabuni, kwa hiyo acha nafasi kwenye jagi. Nikakoroga, nikangoja dakika kumi, nikamimina kwenye glasi ndogo.

Jagi la kwanza: bia ya kawaida, uchungu unakuja, unaondoka.

La jasi: harufu haikubadilika, ila nilipomeza uchungu ulibaki umesimama. Siyo mwingi zaidi, ni ulionyooka zaidi. Mdomo ukakauka kidogo na mkono ukaenda tena kwenye glasi wenyewe.

La kloraidi: ndilo lililonishtua. Bia ileile ikawa nene. Utamu wa nafaka ukaja mbele, kama ganda la mkate, na uchungu ukarudi nyuma ya chumba. Mwenzangu wa nyumbani, ambaye hakujua nimetia nini, aliniuliza kama hilo la tatu lina kilevi zaidi.

Fanya hivyo kabla hujapika. Utajua ulimi wako unapenda upande gani, na utakuwa umetumia chupa moja ya bia badala ya siku nzima na wiki tano za kungoja.

Mdau wa tatu

Nimefanya leo. La jasi nimelipenda mimi, mke wangu la kloraidi. Sasa nimeelewa mnachogombania.

Swali jingine: nikitumia maji ya bomba?

Mdau wa pili

Nikusaidie hapo. Maji ya bomba yana mambo mawili. La kwanza ni klorini ya kuua vijidudu, na hii ni tofauti na kloraidi tunayoizungumzia, majina yanafanana tu. Klorini ikikutana na kimea na hamira inazaa harufu ya dawa ya hospitali, na unahitaji kidogo sana kuiharibu bia nzima. Kuna vidonge vya metabisalfaiti vinavyotumiwa na wapika bia na divai, kimoja kinatosha takriban lita 75, unakiponda, unatia kipande chake, unakoroga, na dakika chache kazi imekwisha. La pili ni kwamba hujui yana chumvi gani. Omba ripoti ya maji kwa anayeyasambaza. Usipoipata, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, au fanya kama mwenye uzi, anza na maji matupu.

Mdau wa nne

Mwenye uzi, mpangilio wa siku je? Ukizipika moja baada ya nyingine, ya kwanza itakuwa na miezi miwili na ya mwisho itakuwa na wiki tatu siku ya kuonja. Harufu ya hopsi haingoji mtu.

Mwenye uzi

Ndiyo maana naanza na giza. Bia nyeusi inavumilia kukaa, tena Dublin itanufaika, ukali wa shayiri iliyokaangwa unalainika. Wiki ya kwanza Dublin, ya pili Munich, ya tatu Dortmund, ya nne pacha kwa siku moja: asubuhi Pilsen, mchana Burton. Kila moja inachacha wiki mbili, kisha chupani wiki nne. Meza ya kuonja ni wiki ya kumi. Pacha wanapika siku moja hivyo umri wao ni sawa kabisa, na hao ndio umri wao una maana zaidi.

Hamira sitaichukua kutoka ndoo moja kwenda nyingine ingawa inawezekana. Kila bia inapata nusu pakiti mpya, gramu kama 6, zote za toleo moja. Hamira iliyotoka kwenye bia nyeusi inabeba rangi na uchovu wake.

Kwa wageni, jambo moja sitaki mtu alipite: usijaze chupa kwa kuangalia kalenda. Pima uzito wa bia kwa haidromita leo, pima tena baada ya siku mbili au tatu. Namba ikiwa imeganda palepale, hamira imemaliza. Ikiwa inashuka bado, sukari iliyobaki itaendelea kuchacha ndani ya chupa iliyofungwa, juu ya ile sukari ya gesi utakayoongeza, na kioo kitapasuka. Vipande vinaruka kwa nguvu ya kuumiza mtu vibaya. Mimi natia sukari gramu 6 kwa lita, yaani 60 kwa lita 10, iliyochemshwa kwenye maji kidogo, na chupa zinakaa ndani ya kreti yenye mfuniko.

Mdau wa pili

Na utaonjaje? Usiniambie utawauliza wageni "ipi nzuri?". Watakuambia unachotaka kusikia.

Mwenye uzi

Glasi tatu kwa kila mtu. Mbili zina bia moja, ya tatu ina pacha wake. Anayemimina yuko chumba kingine, glasi zina alama za kalamu chini, na anayeonja anaulizwa jambo moja: ipi iko peke yake? Akibahatisha ana nafasi moja kati ya tatu. Nitakuwa na watu saba. Nimepiga hesabu: wakipatia watano kati ya saba, uwezekano wa kutokea kwa kubahatisha tu ni chini ya 5 kwa 100. Wakipatia wanne, sitadai kitu.

Inanifurahisha kwamba hesabu za sampuli ndogo zina deni kwa bia. William Sealy Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin alipochapisha mwaka 1908, kwa jina la "Student", njia ya kuamua jambo kwa vipimo vichache. Alikuwa na tatizo letu hilihili: kimea na hopsi vinabadilika, na huwezi kupika mara elfu ili upate uhakika.

Mdau wa nne

Umeshusha nondo. Tunangoja wiki ya kumi.

Mwenye uzi (wiki ya tano)

Taarifa fupi. Dublin iko chupani, Munich inajazwa kesho, na ndoo tatu zinachacha.

Dublin ilinipa somo siku ya kwanza. Nilipima pH robo saa baada ya kuloweka, kwenye kijiko kilichopoa mpaka joto la chumba: 5.4. Nilichokuwa nakitaka hasa, maana pazuri ni kati ya 5.2 na 5.6. Kwa udadisi nilikuwa nimeloweka kikombe kimoja cha mchanganyiko uleule kwenye maji yenye kloridi ya kalisi ileile, bila soda. Kilisoma 5.1, na nilipoonja maji yake matamu, ile shayiri ya kukaangwa ilikuwa chachu, kama kahawa iliyolala. Yale ya soda yalikuwa mviringo mdomoni. Nafaka ileile, saa ileile, soda gramu tatu tu ndizo zilizoongezeka kwenye lita 15. Nilisimama pale jikoni na vikombe viwili mkononi nikaelewa Dublin ilivyofika kwenye bia yake.

Pacha wamepikwa wiki iliyopita. Burton siku ya tatu ilitoa harufu ya kiberiti kilichowashwa. Imeanza kuondoka.

Mdau wa pili

Hiyo ya kiberiti usiogope. Waingereza walioipenda bia ya Burton waliijua harufu hiyo kwenye glasi yenyewe. Ikibaki kidogo, ni ya mji.

Mwenye uzi (wiki ya kumi)

Wadau, tumeonja jana.

Kwanza pacha. Watu saba, waliopatia ni sita. Aliyekosa ni mimi. Niliomba nimiminiwe kama wengine na nikachagua glasi isiyo yake, mimi niliyepima jasi kwa mikono hii. Hesabu hainihitaji, wengine sita wote walipatia, lakini nimeiandika kama ilivyotokea.

Baada ya kufunua, kila mmoja alisema kilichomwongoza. Wanne walitaja ukavu baada ya kumeza. Mmoja alisema Pilsen "inalala" na Burton "inasimama", na sikuwahi kumwambia maneno niliyoyatumia hapa juu. Mmoja aliipata kwa harufu, ile ya kiberiti iliyobaki kwa mbali. Zote mbili zilianza 1.050 zikamalizia 1.011, yaani kilevi asilimia 5.1. Chumvi za gramu 8 dhidi ya gramu 2, basi.

Kisha tukapanga tano zote kwenye mstari: Pilsen, Dortmund, Burton, Munich, Dublin. Hapa naomba nimjibu mdau wa kwanza. Ndiyo, hamira moja ilizifanya ndugu. Kulikuwa na usafi uleule chini ya zote, na Goldings ileile ya udongo na maua ikipita kutoka glasi hadi glasi, mara ikijificha, mara ikijitokeza. Dortmund ndiyo iliyowashangaza wengi, kwa sababu ilikuwa na ule ukavu wa Burton na ule unene kwa pamoja, na chupa zake ndizo zilizoisha kwanza. Munich ndiyo dhaifu. Ni bia ya kunyweka, ila bila hamira ya baridi ule utamu wa kimea haukuwa na kina, na nikirudia nitaipika na hamira yake, nje ya mfululizo.

Mdau wa kwanza

Nimepokea jibu, na hiyo ya Munich ndiyo niliyokuwa naiogopa. Nikuulize moja: ungerudia, ungebadilisha nini?

Mwenye uzi

Ningepika pacha wa giza pia. Dublin moja na soda, Dublin moja bila, chupani, siyo kikombeni. Kile kikombe cha 5.1 hakijanitoka kichwani. Maji matupu lita 30 yameshafika, shayiri iliyokaangwa imebaki gramu 500, na pakiti moja ya hamira ya toleo lilelile iko kwenye friji. Napika Jumamosi, zote mbili siku moja.

Mdau wa tatu

Jumamosi hiyohiyo napika pacha wangu wa kwanza, jasi na kloraidi, lita tano tano. Naweka namba zangu hapa jioni.